Sfenye: majani ya kinamasi yaliyofunga vidonda na kulinda Zaburi

Mwezi wa Julai 2006, mahali paitwapo Faddan More, katika jimbo la Tipperary nchini Ireland, mtu mmoja alikuwa akichimba kinamasi kwa mashine. Katika udongo mweusi akaona kitu kama furushi la ngozi. Akasimamisha mashine, akatazama: kilikuwa kitabu. Wenye shamba walifanya jambo la akili. Hawakukianika juani, hawakukipangusa, bali walikifunika kwa udongo ule ule wenye maji, wakawaita watu wa Makumbusho ya Taifa ya Dublin. Nao walipokitazama walisoma maneno ya Kilatini ya Zaburi ya 83, kwa hesabu ya Vulgata. Kilikuwa kitabu cha Zaburi kilichoandikwa kwa mkono karibu na mwaka 800, yaani miaka mia sita na zaidi kabla ya Gutenberg kuanza kupiga chapa.

Miaka elfu moja na mia mbili ndani ya tope! Sisi tunajua jinsi vitabu vinavyokwisha hapa kwetu. Misale ikisahauliwa mahali penye unyevu masika moja tu, kurasa zimeshikana na kuvu imeingia. Isipoliwa na kuvu italiwa na mchwa. Basi ni nini kilichokilinda kitabu kile? Si sanduku la chuma wala mafuta ya dawa. Ni majani madogo laini ambayo watu huyakanyaga bila kuyatazama. Historia ya majani hayo tunapenda kuieleza hapa, maana inaanzia mbali lakini inafika mpaka katika misitu yetu ya Kongo.

Kwa Kilatini mmea huo huitwa Sphagnum. Wafaransa husema sphaigne, na kwa kuwa hatukupata neno lake katika lugha yetu, tutaandika sfenye. Ule udongo mweusi wa kinamasi Wafaransa huuita tourbe. Nasi tutaandika turbe. Jirani zetu wa Rwanda wana neno lao zuri: nyiramugengeri. Lakini turbe si udongo hasa. Ni majani, mizizi na miti ya zamani iliyokufa ndani ya maji ikashindwa kuoza, ikalundikana mwaka baada ya mwaka. Ikikaushwa huwaka kama kuni, na Waireland wamepikia na kuota moto wake karne nyingi.

Kwanza tujifunze kuitambua sfenye, kwa sababu wapo walioitambua wakaokoa watu, na wapo waliookota majani mengine wakapata hasara tupu.

Sfenye ni wa jamii ya ile mimea midogo isiyo na maua, wala mbegu, wala mizizi ya kweli, inayotandaza zulia la kijani juu ya mawe na vigogo vyenye unyevu. Vitabu vingine huiita kuvumwani. Lakini katika jamii hiyo kubwa sfenye ina sura yake peke yake. Ukiitazama toka juu, kila shina lina kichwa kama nyota ndogo, kwa kuwa matawi machanga yamesongamana kileleni. Chini ya kichwa matawi hutoka kwa mafungu: mengine yamenyooshwa pembeni kama mikono, mengine yananing'inia na kulala juu ya shina, na hayo ndiyo yanayopandisha maji kama utambi wa taa. Jani lake ni jembamba sana na halina mshipa katikati. Sfenye ikikauka huwa nyeupe. Ukiishika kwa mkono na kuikamua, maji hutiririka kama katika sponji. Ukiiachia, inafumuka tena.

Kuna mmea uitwao Polytrichum ambao huwadanganya wengi, maana nao una sura ya nyota na hupenda mahali penye maji. Ushike tu, utajua. Majani yake ni magumu, yamechongoka, yana mshipa, na ukiyakamua hupati maji ya maana. Kuna mwingine, Leucobryum, wenye rangi nyeupe-nyeupe kama sfenye kavu, ambao hufanya mito midogo ya duara chini ya miti. Huo hauna kile kichwa cha nyota, wala hauna yale matawi ya mafungu.

Anayetaka kuhakikisha kabisa atie jani moja chini ya mikroskopi. Ataona ajabu. Jani la sfenye limejengwa kwa vyumba vya namna mbili. Vingine ni vyembamba, vya kijani, na ndivyo vilivyo hai. Katikati yake vimepangwa vyumba vikubwa, vitupu, vilivyokufa, vyenye matundu ubavuni na pete ndani zinazovizuia visikunjamane. Humo ndimo maji hukaa. Wafu wanabeba maji ya walio hai. Katika mimea hatujui mfano ulio bora kuliko huo. Kwa sababu ya vyumba hivyo sfenye kavu hunywa maji mara 16 hadi 20 ya uzito wake, na aina nyingine hupita hapo, hali pamba hunywa mara 5 au 6 tu.

Maana sfenye si moja. Linnaeus aliandika jina la Sphagnum palustre mwaka 1753, na tangu hapo wataalamu wamepata kuhesabu aina kama mia tatu na zaidi. Kila aina ina mahali pake katika maji, na hapo ndipo ujuzi unapoonekana. Sphagnum cuspidatum hukaa ndani ya vidimbwi. Ukiitoa majini inalegea kama manyoya ya paka aliyelowa. Sphagnum papillosum ni nene, ya rangi ya kahawia iliyopauka, na majani yake yamepinda kama kofia ya mmonaki. Huenea kama zulia pale maji yanapofika usoni pa nchi. Sphagnum capillifolium ni nyekundu, na Sphagnum fuscum ni ya kahawia. Hizo hupanda juu ya vichuguu vidogo, mbali kidogo na maji. Basi mtu aliyezoea hutazama rangi na umbo, akajua maji yako kina gani chini ya miguu yake. Lakini asijivune upesi. Aina moja nyekundu iliyojulikana sana, Sphagnum magellanicum, iligawanywa mwaka 2018 ikawa aina zaidi ya moja, baada ya kuchunguzwa mpaka katika asili ya uzazi wake.

Sasa tutazame maji yenyewe. Vinamasi ni vya namna nyingi, ila tofauti moja yapita zote. Kuna vinamasi vinavyopata maji ya mto au chemchemi. Maji hayo yamepita katika udongo na mawe, yamebeba chumvi za ardhi, na kwa hiyo huotesha matete, mafunjo na majani makubwa. Kuna na vinamasi vinavyopata maji ya mvua tu. Mvua haina chakula kingi cha mimea, na hapo ndipo ufalme wa sfenye. Nayo haikai tu ikingoje. Inayageuza maji yawe yake. Inanyakua zile chumvi chache zilizomo na mahali pake inatoa uchachu, mpaka maji yanakuwa makali kama siki iliyochanganywa na maji mengi. Mimea mingine inashindwa. Vijidudu vya kuozesha vinalegea. Chini, hewa haiingii. Basi sfenye inakua upande wa kichwa na kufa upande wa miguu, na ile iliyokufa haiozi, inakaa. Turbe hupanda pengine milimeta moja kwa mwaka, pengine hata haifiki. Baada ya miaka elfu kadhaa kinamasi kimeinuka katikati kama mgongo wa kobe, kikashika maji yake juu kuliko mashamba yaliyokizunguka. Mtu akichimba mtaro pembeni ili kukikausha, anatoboa chombo kilichojaa.

Ireland ina vinamasi vingi sana vya namna hiyo. Monasteri ya Clonmacnoise, iliyoanzishwa na Mtakatifu Kiarani katika karne ya 6, ilisimama kando ya mto Shannon, na vinamasi jirani yake. Wamonaki wa nchi hiyo walinakili Maandiko Matakatifu juu ya ngozi za ndama, na kitabu cha Faddan More ni kimoja cha kazi yao. Uchachu wa sfenye, ukosefu wa hewa, na kitu fulani kinachotoka katika kuta za vile vyumba vidogo vya jani, vilifanya kazi ile ile anayoifanya mtengeneza ngozi katika pipa lake: jalada la ngozi likadumu. Kurasa za ndani hazikusalimika zote. Mahali pengi ngozi tupu iliyeyuka, lakini pale penye wino ilibaki, hata herufi zikawa zimelala moja moja kama mahindi yaliyopukuchuliwa. Kazi ya kuzikausha na kuzipanga ilichukua miaka. Na ndani ya jalada wataalamu wakakuta jambo ambalo hawakulitazamia: lilikuwa limetiwa bitana ya mafunjo, yale mafunjo ya Misri ambayo watu wa kale walifanya karatasi zao. Jani la vinamasi vya Afrika lilisafiri mpaka Ireland, likahifadhiwa na jani la vinamasi vya Ulaya.

Sfenye haichagui inachokihifadhi. Mwaka 1950, karibu na Silkeborg nchini Denmark, wachimbaji wa turbe walikuta maiti ya mwanamume amelala kama mtu aliyesinzia, ndevu fupi zikionekana kidevuni, na kamba ya ngozi shingoni. Waliita polisi wakidhani ameuawa juzi. Kumbe alikufa miaka kama 400 kabla ya Kristu. Wadenmark wanamwita mtu wa Tollund.

Lakini sura ya historia tunayoipenda zaidi ni ile ya vidonda.

Masimulizi ya Ireland yasema kwamba baada ya vita vya Clontarf, mwaka 1014, majeruhi walijaza majani ya kinamasi katika vidonda vyao. Watu wa vijijini katika nchi za kaskazini waliijua dawa hiyo muda mrefu bila kuandika vitabu. Madaktari walichelewa. Huko Ujerumani ya kaskazini, mtu wa kazi alijeruhiwa vibaya mkono mahali walipochimba turbe. Bandeji hakuna, wenzake wakaufunga kwa turbe. Alipofika kwa daktari siku kadhaa baadaye, walitazamia kukuta mkono umeoza, wakakuta kidonda kinapona. Gustav Neuber, mpasuaji wa mji wa Kiel, alilichukua jambo hilo kwa uzito, na mwaka 1882 akaandika habari za bandeji za turbe na za sfenye.

Ndipo ikaja vita kuu ya 1914. Majeruhi walikuwa wengi kuliko mtu yeyote alivyofikiri, na pamba ikapungua. Sababu yake inasikitisha: pamba ilihitajiwa kwa nguo za askari na pia kwa kutengeneza baruti. Kitu kile kile kilichotakiwa kufunga kidonda kilitumika kukifanya. Mwezi wa Novemba 1914, huko Edinburgh katika Scotland, mpasuaji Charles Cathcart na mtaalamu wa mimea Isaac Bayley Balfour waliandika katika gazeti wakieleza kwamba nchi yao imejaa bandeji zilizoota zenyewe.

Hapo ndipo swali la kutambua likawa la kufa na kupona. Watu walipenda kusaidia, wakaenda vinamasini na magunia. Lakini si kila jani laini la kinamasi ni sfenye, wala si kila sfenye inafaa. Zile nyembamba za vidimbwi hazishiki maji ya kutosha, nazo zikikauka huvunjika kama majivu. Balfour alionyesha kwamba aina mbili hasa ndizo zifaazo, Sphagnum papillosum na Sphagnum palustre, zile nene zenye majani kama kofia. Huko Marekani na Kanada wataalamu walifanya kazi hiyo hiyo, na George Nichols, mtaalamu wa mimea wa Yale, aliandika maelezo ya kuwasaidia wakusanyaji kuchagua. Basi wanawake, wazee na watoto wa shule, ambao hawakuwahi kusikia neno la Kilatini nje ya kanisa, walijifunza kutofautisha aina kwa vidole vyao: hii nene, hii dhaifu, hii chukua, hii acha.

Kazi yenyewe haikuwa ya raha. Walisimama ndani ya maji baridi, wakakamua majani na kuyatia katika magunia mazito, wakayabeba mpaka penye upepo, wakayaanika. Kisha walikaa mezani saa nyingi wakiondoa vijiti, nyasi na wadudu. Sfenye safi ilitiwa kiasi cha gramu sitini hivi katika mfuko wa kitambaa chepesi, nayo isishindiliwe, maana lazima ipate nafasi ya kufumuka. Mifuko mingine ilipitishwa katika dawa ya kuua vijidudu. Mwezi wa Februari 1916 ofisi ya vita ya Uingereza ilikubali bandeji hizo rasmi, na kufika mwaka 1918 zilipelekwa kama milioni moja kila mwezi. Wauguzi walizipenda kwa sababu bandeji ya pamba hulowa mahali pamoja na kuvuja, lakini ya sfenye hueneza damu na usaha pande zote mpaka ijae yote. Kwa hiyo majeruhi hakusumbuliwa mara nyingi kubadilishwa. Na ule uchachu uliozuia Zaburi kuoza uliwazuia na vijidudu wa kidonda wasistawi.

Wakati huo huo, kwetu Kongo, amri ya mwezi wa Februari 1917 ilianza kuwalazimisha wanakijiji kulima pamba. Wazee walioipanda wakaipalilia na kuiuza kwa bei isiyo yao hawakuwa na habari kwamba njaa ya pamba ya vita ile iliwapeleka watoto wa Scotland vinamasini. Baada ya vita pamba ikarudi kwa wingi, sfenye ikasahauliwa. Lakini kilimo cha lazima hakikusahauliwa. Kilidumu mpaka mwisho wa utawala wa Wabelgiji.

Je, sfenye ipo kwetu? Ipo, lakini lazima kupanda. Katika milima ya Ruwenzori, ambayo upande wake wa magharibi ni wetu, mabonde ya juu kati ya meta 3,000 na 4,000 yamejaa tope. Humo huota mafungu makubwa ya nyasi iitwayo Carex runssoroensis, yanayosimama kama viti katika maji, na kati yake sfenye imetandaza zulia lake. Wapagazi waliofuatana na Mwana wa Mfalme wa Abruzzi mwaka 1906, alipopanda vilele vyote vikubwa, waliruka toka fungu hadi fungu, na aliyekosa alizama mpaka mapajani. Mwaka 1932 ulifika msafara wa Wabelgiji, na kati yao alikuwamo Lucien Hauman, mtaalamu wa mimea, aliyeandika habari za majani ya mlima huo. Msomaji wa Beni au Mutwanga atakayepanda huko na atazame chini: kichwa cha nyota, jani lisilo na mshipa, maji yanayotoka kwa kukamuliwa. Alama zile zile za Ireland.

Tukishuka, sfenye inabaki nyuma, lakini turbe hutufuata. Katika mabonde ya Rwanda, Burundi na kusini magharibi ya Uganda, yaliyomo juu ya meta 1,500 au 2,000, iko turbe nyingi nene, na sehemu kubwa yake imetokana na mafunjo na nyasi zake ndugu. Burundi ilianzisha ofisi ya serikali ya kuichimba mwaka 1977. Turbe hiyo ina faida ya pili isiyouzwa sokoni. Kila mwaka vumbi la maua huangukia kinamasi, likazikwa humo bila kuoza. Mswidi Lennart von Post alionyesha mwaka 1916 kwamba ukilihesabu tabaka kwa tabaka unaweza kujua ni miti gani iliyokuwapo nchini wakati gani. Kwa njia hiyo kinamasi cha Kashiru nchini Burundi kimesomwa mpaka miaka kama elfu arobaini nyuma, wakati baridi ilipofukuza msitu na nyasi zikatawala vilima ambako leo kuna migomba.

Na bado hatujafika penye turbe kubwa kuliko zote. Hapo mazoea ya Ulaya yaliwapotosha watu. Aliyejifunza kwamba turbe ni kazi ya sfenye, na kwamba sfenye hupenda baridi, angeitafuta wapi katika nchi ya joto? Asingeitafuta Mbandaka. Maandishi machache ya zamani yaliitaja turbe ya misitu ile, lakini hayakufuatwa. Mwaka 2012 Simon Lewis na Greta Dargie wa Uingereza, pamoja na Suspense Ifo wa chuo kikuu cha Brazzaville, waliingia katika misitu ya maji ya Likouala na chuma kirefu cha kupimia. Chuma kikazama meta kwa meta katika turbe. Mwaka 2017 walitangaza ramani, na kitabu cha pili cha vipimo kilichotoka mwaka 2022, ambacho Corneille Ewango wa Kisangani alishiriki, kilieleza eneo la kilometa za mraba 167,600, yaani zaidi ya mara tano ya Ubelgiji. Theluthi mbili zake zimo katika Kongo yetu. Mahali pengine kina hupita meta 6.

Humo hakuna zulia la sfenye. Turbe ile imefanywa na miti, na michikichi ya majini, na mibamba. Majani na vigogo vyao vilianguka ndani ya maji meusi yasiyo na hewa. Uchachu upo, maji ya mvua yapo, tambarare isiyotiririsha maji ipo. Mmea mmoja umebadilishwa kwa mwingine; kinamasi ni kile kile.

Kaboni iliyolala humo yakadiriwa kuwa tani bilioni 29, karibu sawa na ile iliyomo katika miti yote ya msitu wa bonde la Kongo, ingawa turbe yashika sehemu ndogo sana ya bonde hilo. Maji yakiondolewa, hewa huingia, na turbe huoza au kuungua na kupanda juu kama moshi. Jambo hilo limekwisha kutokea mara moja. Watafiti walipopima turbe hiyo tabaka kwa tabaka walikuta pengo: tabaka za kati ya miaka 7,500 na 2,000 iliyopita karibu hazionekani. Ukame ulikuja, maji yakashuka, na turbe ya miaka elfu kadhaa ikaoza na kutoweka. Mvua iliporudi kazi ilianza upya.

Mwezi wa Julai 2022 Serikali ya Kinshasa ilitangaza kuuza haki za kutafuta mafuta katika vitalu 27, na vitalu vingine vililala juu ya turbe. Oktoba 2024 mnada huo ulifutwa. Mwaka 2025 vikatangazwa vitalu vipya 52, na eneo la turbe limo tena. Wanaotetea mafuta husema kwamba taifa maskini haliwezi kulala njaa juu ya mali yake, nasi hatuwezi kuwacheka. Kijiji kisicho na dawa wala barabara hakishibi kwa kuambiwa habari za kaboni. Lakini barabara ya mashine katika nchi ile ni tuta na mtaro, na mtaro tumekwisha kuueleza. Ireland, iliyounda shirika la serikali la kuchimba turbe mwaka 1946, ilitangaza mwanzoni mwa 2021 kwamba shirika hilo limeacha kuchimba, na sasa wanaziba mitaro yao ili sfenye irudi. Huko hupima kina cha maji kwa kutazama ni aina gani imerudi kwanza, ya vidimbwi au ya vichuguu.

Kwetu kipimo ni kingine. Mwezi wa Oktoba 2017, huko Lokolama, kijiji cha mkoa wa Équateur, turbe ilihakikishwa kwa mara ya kwanza upande wetu wa mto kwa ajili ya ramani hiyo mpya. Wapimaji walisukuma chuma chini, wakakizungusha, wakakivuta. Kilichotoka kilikuwa cheusi, kimelowa, na ndani yake vipande vya mti vilionekana bado, vyenye nyuzi zake.